Somo la Mwezi Huu: Milima ya Moto Hapa Duniani na Katika Sayari Nyingine



Mzee mmoja wa skimu za Kwale alifika ofisini kwetu hapa kisiwani Mombasa akiwa na mawe mawili ndani ya kikapu. Aliyaweka juu ya meza yangu, akasema:

"Karani, mwanangu, hebu tazama. Mawe haya yote mawili yana matundu. Hili jeupe ni la shambani kwangu. Kila nikichimba shimo la mnazi nakutana nalo. Hili jeusi nimepewa na mkwe wangu alimaye Taveta, chini ya Kilimanjaro. Yeye avuna ndizi na maharagwe, mimi navuna jasho. Jirani yangu aniambia kuwa hilo jeusi ni jiwe la mlima wa moto, na ya kwamba jivu la moto ndilo linaloneemesha shamba. Sasa nataka kujua mambo mawili. Moto huo watoka wapi? Na je, nikimwaga jivu la jikoni shambani kwangu, nitapata neema hiyo hiyo? Maana nikikosa, nafikiri kuliacha shamba lile."

Haya ni maswali mazuri, na lile la pili si la kuchezea, kwa kuwa shamba likiharibika ni taabu kulirudisha. Lakini haliwezi kujibiwa vema kabla ya lile la kwanza. Kwa hiyo mwezi huu tutajifunza habari za moto ulio chini ya miamba. Tutakwenda mbali, hata kwenye miezi ya sayari nyingine, kwa sababu mtu akitaka kuijua nyumba yake vema yamfaa azione na za jirani. Kisha tutarudi shambani.

1. MOTO HUU SI WA KUNI

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna moto unaowaka kwa ndimi kama moto wa jikoni. Sivyo. Huko chini hakuna ndimi za moto. Kuna joto tu, joto kali la kuweza kuyeyusha mwamba. Mlima wa moto, au volkano, ni tundu ambalo joto hilo hulipitia ili litoke nje.

Joto lenyewe lina asili tatu, nazo yafaa kuzishika vizuri, kwa maana somo lote limejengwa juu yake.

Ya kwanza ni joto la zamani. Dunia na sayari zote ziliumbika zaidi ya miaka milioni 4,500 iliyopita kwa mawe mengi kugongana na kushikamana. Ukigonga msumari kwa nyundo mara nyingi, msumari hupata moto. Ndivyo ilivyokuwa.

Ya pili ni joto la madini. Ndani ya miamba mna madini kama urani na thori, ambayo chembe zake huvunjika zenyewe polepole na kutoa joto. Hata potasi, ile ile iliyomo katika mfuko wa mbolea, ina sehemu ndogo mno inayofanya hivyo. Usiuogope mfuko wako. Joto lake halipimiki kwa mkono. Lakini dunia nzima ina potasi nyingi sana, na kidogo kidogo hujaza kibaba.

Ya tatu ni joto la kukandwa. Chukua kipande cha waya wa ua, ukikunje na kukikunjua upesi mara ishirini mahali pamoja, kisha uguse pale penye kunjo. Utaona pamepata moto. Hakuna aliyekitia jikoni. Ni kule kukunjwa tu. Tutaona jinsi mwezi mzima unavyoweza kukandwa namna hiyo.

2. JINSI MWAMBA UNAVYOYEYUKA NA KUPANDA

Kule chini sana mwamba una moto mwingi, lakini sehemu kubwa yake haijayeyuka, kwa sababu imeshindiliwa na uzito wa mwamba ulio juu. Uzito ukipungua, mwamba huyeyuka ingawa joto halikuongezeka. Ndivyo ilivyo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi inachanika na kuwa nyembamba. Ndiyo sababu tuna Longonot, Menengai na milima mingine huko. Huko Olkaria, tangu mwaka 1981, mvuke wa joto hilo umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme.

Mwamba ulioyeyuka ni mwepesi kuliko ule ulio kando yake, kwa hiyo hupanda, na ndani yake mna mvuke na hewa nyingine. Ukiitikisa chupa ya soda kisha ukaifungua, povu huruka. Mwamba nao ukikaribia juu hutoa mapovu namna hiyo. Matundu ya lile jiwe jeusi la mzee ni alama za mapovu hayo, yaliyogandia humo jiwe lilipopoa.

Mwamba ulioyeyuka ukitoka nje twauita lava. Kuna lava nyepesi kama uji, itiririkayo mbali, na kuna nzito kama ugali, izibayo tundu mpaka mlima upasuke kwa kishindo. Lava ya Nyiragongo, huko Kongo ya mashariki, ni nyepesi sana. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka hadi kwenye vitongoji vya mji wa Goma.

Kisiwa cha Mombasa hakina mlima wa moto, bali wenyeji wa Mji wa Kale wanazo habari zake tangu zamani. Mabaharia waliokuja na kaskazi kutoka Aden waliijua sehemu ya mji ule iliyojengwa ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika. Na wenye jamaa Ngazija waujua Karthala, mlima uliolipuka mara mbili mwaka 2005, na jivu lake likaharibu maji ya mvua yaliyokuwa katika matangi ya watu. Huko Kwale nako, Mlima Mrima ni mabaki ya moto wa kale sana, uliopoa mamilioni mengi ya miaka iliyopita.

3. KIDOGO HUPOA UPESI: MWEZI NA MIRIHI

Pakua uji katika kikombe, na mwingine uuache katika sufuria kubwa. Upi utapoa kwanza? Ule wa kikombe. Sayari nazo ni hivyo hivyo. Dunia ina upana wa kilomita 12,742. Mwezi una kilomita 3,474 tu, kwa hiyo umepoa zamani.

Lakini zamani Mwezi nao ulikuwa na moto. Utazame ukiwa mpevu: yale madoa meusi ni nyanda za lava iliyoganda. Wamarekani waliotua huko Julai 1969 walirudi na mawe yake, na yalipochunguzwa yalionekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 3,500. Mwaka 2020 chombo cha Wachina, Chang'e 5, kilileta mawe ya lava ya umri wa miaka milioni 2,000 hivi. Basi moto wa Mwezi haukuzimika siku moja, ulififia polepole.

Mirihi, sayari ile nyekundu, ni ya kati. Upana wake ni kilomita 6,779. Huko uko mlima wa moto uitwao Olympus Mons, wenye urefu wa kilomita 22 hivi kwenda juu. Kilimanjaro yetu haifiki kilomita 6. Tako la mlima huo lina upana wa kilomita 600 hivi. Ungeliweka ukingo wake mmoja Mombasa, ule wa pili ungepita Nairobi.

Kwa nini mlima ukawa mkubwa hivyo juu ya sayari ndogo? Hapa duniani gamba la ardhi limegawanyika vipande, navyo husogea polepole. Mlima ukiisha kujengwa husogezwa kando ya jiko lake, na mwingine huanza. Mirihi gamba lake halisogei hivyo. Jiko lilibaki chini ya chungu kile kile kwa mamilioni ya miaka, nacho kikazidi kujaa. Tena mvuto wa Mirihi ni mdogo, hivi kwamba mlima haulemewi na uzito wake upesi.

4. MWEZI UNAOKANDWA: IO

Sasa shuka Mji wa Kale mpaka Bandari ya Kale, ukae pale asubuhi hadi jioni. Utaona maji yakijaa, yakipwa, na kujaa tena. Wakati wa bamvua tofauti yake hufika mita tatu na nusu na zaidi. Wakati wa maji mafu hupungua. Kila mvuvi ajua kuwa mambo haya yafuata mwezi. Mwezi huivuta dunia, na upande ulio karibu nao huvutwa zaidi kuliko ulio mbali. Bahari hutii kwa wazi. Mwamba nao hutii, bali kwa kiasi kidogo tusichoweza kukiona.

Sayari ya Mshtarii, ambayo vitabu vingine huiita Jupita, ina mwezi uitwao Io. Galileo aliuona kwa darubini mwezi Januari 1610. Tazama ajabu hii: Io una upana wa kilomita 3,643, karibu sawa na Mwezi wetu. Nao uko kilomita 422,000 kutoka Mshtarii, si mbali sana na kipimo cha Mwezi wetu kutoka hapa, ambacho ni 384,000. Kwa kanuni yetu ya kikombe, Io ungepasa kuwa umepoa kabisa.

Kumbe sivyo. Mshtarii ni nzito mara 318 kuliko dunia, kwa hiyo mvuto wake ni mkali mno. Io huizunguka kwa muda wa saa 42 hivi, na njia yake si duara kamili: mara hukaribia, mara hujitenga. Ungeachwa peke yake njia hiyo ingekuwa duara, lakini miezi miwili mingine, Europa na Ganymede, huuvuta kwa zamu na kuizuia isinyooke. Basi kila mzunguko mwamba wa Io hujaa na kupwa kama maji ya bandari yetu, ila tofauti yake yaweza kufika mita 100. Ni mwamba huo, si maji! Ule ndio waya wetu wa ua, unaokunjwa na kukunjuliwa bila kukoma.

Mwanzoni mwa Machi 1979 Stanton Peale na wenzake wawili walichapisha hesabu zao, wakisema kuwa Io lazima uwe umeyeyuka ndani. Siku chache baadaye chombo Voyager 1 kilipita huko, na Linda Morabito, akichunguza picha, akaona wingu kubwa limetokeza ukingoni mwa mwezi huo. Lilikuwa moshi wa volkano. Leo zimehesabiwa volkano hai 400 hivi juu ya Io, na nyingine hurusha vumbi la kiberiti mamia ya kilomita. Hakuna mahali pengine panapojulikana penye moto mwingi hivyo. Chombo Juno kiliukaribia mwezi huo mwishoni mwa Desemba 2023 na tena Februari 2024, kikaleta picha nyingine.

5. VOLKANO ZA BARAFU

Kukandwa huko hakuleti lava tu. Zohali ina mwezi mdogo uitwao Enceladus, wenye upana wa kilomita 504. Umefunikwa na barafu, lakini chini ya barafu kuna bahari. Mwaka 2005 chombo Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikirushwa kwa nguvu kutoka katika nyufa za kusini mwake. Ni volkano, ila kinachotoka ni maji badala ya mwamba.

Wakulima mtapenda kusikia hili: mwaka 2023 wataalamu waliochunguza vipimo vya Cassini walitangaza kuwa katika chembe hizo mna fosfeti. Ndiyo hiyo hiyo mnayoinunua wakati wa kupanda. Ilitoka katika mawe yaliyo chini ya bahari ile, ikayeyuka katika maji. Hapa duniani pia fosfeti asili yake ni mawe.

6. ZUHURA NA KUTA ZA MJI WA KALE

Zuhura, nyota yetu ya alfajiri na ya magharibi, ni sayari yenye ukubwa karibu sawa na dunia. Kwa hiyo haijapoa. Mwaka 2023 Robert Herrick na mwenzake Scott Hensley walionyesha kwamba tundu moja karibu na mlima Maat Mons lilikuwa limebadilika umbo na kupanuka kati ya Februari na Oktoba 1991. Waliligundua hilo katika picha za zamani za chombo Magellan.

Lakini hapana mtu awezaye kulima Zuhura. Joto lake ni nyuzi 465 za Selsiasi, la kuyeyusha risasi. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa, ambayo volkano hutoa pamoja na mvuke. Huko imejaa angani, ikaifunika sayari kama blanketi zito.

Basi, volkano za dunia nazo zimetoa hewa hiyo tangu mwanzo. Imekwenda wapi? Nilimwuliza mzee swali hili, kisha nikadondosha siki juu ya mawe yake mawili. Lile jeusi lilinyamaza. Lile jeupe likatoa mapovu madogo. Nikamwambia, "Mzee wangu, imo humu."

Mvua huichukua hewa ya ukaa kutoka angani na kuwa na uchachu kidogo. Uchachu huo hula mawe ya volkano polepole na kutoa chokaa yake. Mito huipeleka baharini. Huko wadudu wa matumbawe hujijengea nyumba za mawe kwa chokaa pamoja na hewa ile. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe ya zamani, na nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe hayo, kama ilivyo Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mafundi wa chokaa walilijua jambo hili kwa mikono yao: ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, hupati ila kilo 56. Zile 44 ni hewa ya ukaa iliyorudi angani.

Wataalamu hukadiria kuwa hewa ya ukaa iliyofungwa katika mawe ya dunia inakaribia ile iliyo angani mwa Zuhura. Tofauti ni kwamba sisi tuna mvua na bahari za kuifunga. Kwa hiyo sayari ikizimika kama Mwezi, haipati hewa mpya wala mawe mapya. Na ikiwa na moto bila maji, kama Zuhura, huungua. Ardhi ya kulima yahitaji vyote viwili, moto na maji, kila kimoja kwa kiasi chake.

7. TURUDI SHAMBANI

Sasa twaweza kumjibu mzee. Jivu la volkano si jivu la kuni. Ni mwamba na kioo kilichosagika, nalo huachilia madini yake polepole kwa miaka mingi. Jivu la jikoni ni mabaki ya mti. Lina potasi, ni kweli, lakini hufanya kazi kama chokaa. Shamba la matumbawe lina chokaa ya kupita kiasi tayari. Ukilimwagia jivu jingi, fosfeti na madini mengine huzidi kufungika, na mimea hugeuka manjano. Basi, wenye mashamba ya matumbawe, msiongeze jivu wala chokaa.

Fanyeni hivi badala yake:

(a) Tieni samadi iliyooza na mboji, kwa kuwa kinachokosekana hapo mara nyingi ni ule weusi wa udongo.
(b) Tandazeni majani ili unyevu usikauke upesi.
(c) Pandeni kunde na pojo, ambazo huleta naitrojeni katika udongo.
(d) Mbolea ya fosfeti iwekwe karibu na mbegu bila kuigusa, isitawanywe ovyo.

Lakini si kila shamba la pwani ni la matumbawe. Mengine ni ya mchanga wenye uchachu. Hata udongo wa volkano wa milimani, mvua ikiusafisha kwa miaka mingi, hupata uchachu na kuhitaji chokaa. Kwa hiyo pimeni kwanza. Chukua udongo wa sehemu kumi au kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye katika ndoo safi, kisha mpelekee Bwana Shamba nusu kilo.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wa kisiwani pia. Vilima vya Chyulu ni vya volkano, na lava yake nyingine ina umri wa karne chache tu. Mvua ikinyesha juu yake haifanyi mto. Huzama katika mawe yenye matundu na kutokea Mzima. Bomba la kuyaleta maji hayo Mombasa lilikamilishwa mwaka 1957. Basi mtu akichoma msitu wa Chyulu anaharibu mlango ambao maji hayo huingilia, na atakayeona kiu ni mwenye mtungi wa Mji wa Kale.

Mzee aliyachukua mawe yake. Hakuliacha shamba. Mara ya pili alipokuja kikapu chake kilikuwa na udongo wa kupimwa, umechanganywa vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja asili tatu za joto lililo ndani ya sayari na miezi.
2. Mwezi wetu na Io vina ukubwa karibu sawa. Kwa nini mmoja umezimika na mwingine unawaka?
3. Dondosha siki juu ya jiwe la shambani kwako. Je, linatoa mapovu? Hiyo yakuonyesha nini juu ya kutumia jivu?
4. Maji yanayotoka Mzima yalinyesha wapi, na yalipita katika mawe ya namna gani?